Ferrari F50 ya njano: hela ile haikulipia kilomita

Agosti 2025 kule Monterey, California, nyumba ya mnada ya RM Sotheby's iliuza Ferrari F50 ya njano ya mwaka 1995 kwa dola 9,245,000, kamisheni ya mnada ikiwa humo humo. Kwa hela ya Tanzania ni kama bilioni 23, kwa Kenya inakaribia bilioni 1.2. Gari liliwahi kuwa la Ralph Lauren, yule mbunifu wa mavazi wa Marekani. Habari ilivyofika huku kwetu ikagawa watu pande mbili, wengine wakasema matajiri wamechanganyikiwa, wengine wakasema aah, limelipiwa hivyo kwa sababu halijatembea. Mimi naona wote wamekosea, na hawa wa pili wamekosea vibaya zaidi maana kosa lao linafanana sana na ukweli. Ile hela haikulipia kilomita chache. Imelipia ushahidi, yaani gari ambalo kila kipande chake bado kinaweza kukuambia kimetoka wapi, nani alikishika, kilibadilishwa lini na kwa nini. Kilomita ni sehemu ndogo tu ya ushahidi huo, na soko likiendelea kuzichukulia kama ndizo ushahidi wote, magari haya tunayosema yanatunzwa yatakufa taratibu ndani ya maghala yenye kiyoyozi.

Tuanze na gari lenyewe maana wengi wanabishana na hawalijui. F50 zilitengenezwa kuanzia 1995 mpaka 1997 kusherehekea miaka 50 ya Ferrari, zikatoka 349 basi, kati ya hizo nyekundu ya kawaida ni 302, njano 31, na 16 zilizobaki zikagawana nyekundu ya kuiva, rangi ya fedha na nyeusi. Njano kwa Ferrari si pambo tu, ni rangi ya mji wa Modena, ndiyo ile unayoiona nyuma ya farasi mweusi kwenye nembo. Injini ni V12 ya lita 4.7, ukoo wake ni injini ya lita 3.5 waliyokimbilia Formula 1 mwaka 1990, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa sababu kwenye gari la kawaida injini inakalia raba za mauntingi ili mtetemo usimfikie aliyekaa ndani, ila kwenye F50 injini imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye bodi ya kaboni faiba, halafu giaboksi na suspensheni ya nyuma zimeshikiliwa na injini hiyo hiyo. Injini ni sehemu ya chesisi. Ukiwasha, mtetemo unakupanda mgongoni mpaka kwenye meno. Gia sita za mkono, pawa steringi hakuna, ABS hakuna, breki hazina hata sevo, unakanyaga kwa nguvu za mguu wako mwenyewe. Lilipotoka, waandishi wengi wa magari walilipokea kwa ubaridi, wakalipima na F40 iliyotangulia wakaona halina ukali ule, na kwa miaka mingi F50 ilikaa kwenye kivuli cha kaka yake. Kilichobadilika ni kwamba Enzo ya mwaka 2002 ilikuja bila gia ya mkono, na LaFerrari iliyofuata ikaja na mota za umeme, kwa hiyo ukiyapanga magari makubwa matano ya ukoo ule (288 GTO, F40, F50, Enzo, LaFerrari), F50 ndiyo pekee yenye V12 na gia ya mkono kwa pamoja. Watoto walioibandika ukutani mwaka 1996 sasa ni watu wazima na baadhi yao wana hela.

Kuna kitu kimoja lazima tukitenganishe kabla hatujaendelea. Siku hizo hizo, mnada huo huo, iliuzwa Ferrari Daytona SP3 mpya kabisa kwa dola milioni 26, na watu wakazichanganya hizi bei mbili kama zinasema jambo moja. Hazisemi. Ile SP3 iliuzwa kwa ajili ya mfuko wa hisani wa Ferrari, na Ferrari wana kawaida hiyo, Enzo moja walimpa Papa Yohane Paulo II na yeye akaagiza iuzwe kusaidia wahanga wa tsunami, na LaFerrari moja ya nyongeza iliuzwa Desemba 2016 kwa dola milioni 7 kusaidia waliopigwa na tetemeko katikati ya Italia. Bei ya hisani ina moyo wa mtoaji ndani yake, huwezi kuitumia kupima soko. Ile F50 haikuwa hisani, ni watu wazima wamekaa wakashindana kwa akili zao timamu, ndiyo maana inafaa kuchambuliwa.

Sasa hoja ya kwanza, ya wendawazimu wa matajiri. Hii naiona ndiyo dhaifu kuliko zote na bado ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Inasema gari lisilo na redio, lisilo na pa kuweka hata kapu la sokoni, linaloogopa tuta la mtaani, haliwezi kuzidi thamani ya Land Cruiser mpya. Lakini nani alisema amenunua usafiri? Nenda Mji Mkongwe Zanzibar uangalie mlango wa zamani wa kuchonga, ule wenye njumu za shaba na minyororo iliyochongwa pembeni ya fremu. Mlango mpya kutoka karakana ya Dar unafunga vizuri zaidi, hauingizi vumbi, na una kitasa cha kisasa. Hakuna mtu mwenye akili atakayekwambia basi ule wa zamani ni upuuzi. Na tunajua wote kwamba fundi akiingia pale na msasa na vanishi inayong'aa, akabadilisha ubao mmoja uliooza na kuchonga upya ua lililofutika, mlango utapendeza ila utakuwa umepoteza kitu. Tunaelewa hivyo kwa mlango, kwa nini tushindwe kuelewa kwa gari? Wengine wanasema hela ile ingejenga hospitali. Hela ile haikuchomwa moto, imetoka kwa mtu mmoja ikaenda kwa mwingine, na ukitaka kuzungumzia matajiri walipe kodi kiasi gani nitakaa na wewe mpaka usiku, ila hilo ni swali la kodi, utalijibu serikalini, F50 haina jibu lake.

Hoja ya pili ni ya wawekezaji, kwamba haya magari yanapanda tu, kama kiwanja cha Mbezi. Hii ina nguvu kiasi. Idadi haiongezeki, tena inapungua. Uingereza sheria ya kodi inalihesabu gari kama kitu kinachochakaa, kwa hiyo mtu binafsi akiliuza kwa faida hakatwi kodi ya ongezeko la mtaji, na hilo limevuta hela nyingi. Ila anayesema yanapanda tu hajui kilichotokea baada ya Enzo Ferrari mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, kufariki Agosti 1988. Walanguzi waliingia, F40 ambazo zilikuwa ndio kwanza zinatoka kiwandani zikauzwa mkono kwa mkono hadi kufika pauni milioni moja, watu wakakopa benki kununua nafasi kwenye foleni ya gari ambalo bado halijaundwa, halafu mwanzoni mwa miaka ya 90 uchumi ukayumba na bei zikaanguka kama embe bivu. Walioumia ni walionunua namba. Waliokuwa wamenunua gari walibaki na gari. Natamani kila anayenunua leo aijue historia hiyo, kwa sababu dalili za sasa zinafanana nayo kwa jambo moja, kuna wanunuzi ambao swali lao la kwanza na la mwisho ni "limetembea ngapi".

Nao nitawatendea haki, maana wana mfano mzito. Agosti 2021 kwenye mnada wa Pebble Beach, California, McLaren F1 ya mwaka 1995 iliyokuwa na kilomita chini ya 400 iliuzwa kwa dola 20,465,000. McLaren ni ya Waingereza lakini soko ni moja na wanunuzi ni wale wale, na baada ya pale kila mwenye Ferrari yenye mita ndogo akaanza kuhesabu mamilioni. Ukiishia hapo utasema kilomita ndio kila kitu. Sasa angalia Februari 2025 Paris, Ferrari 250 LM iliyoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1965 iliuzwa zaidi ya yuro milioni 34. Lile gari lilipigwa gesi usiku kucha na mchana kutwa, likakimbizwa tena kwenye mashindano mengine, ndipo likaingia makumbusho ya Indianapolis likakaa miaka zaidi ya 50. Au chukua Ferrari 500 Mondial ya miaka ya 50, ilianguka ikaungua miaka ya 60, iliyobaki ni bati lililokunjamana kama karatasi uliyoifinyanga ukaitupa, na Agosti 2023 ikauzwa dola 1,875,000. Au Ferrari California Spider iliyokutwa Ufaransa imefunikwa na rundo la magazeti na mavumbi, aliwahi kuiendesha mwigizaji Alain Delon, mwaka 2015 ikachukuliwa kwa zaidi ya yuro milioni 16 na mavumbi yake. Gari lililokaa, lililokimbizwa, lililoungua, lililosahaulika. Kilomita haziwezi kuyaeleza yote manne. Kinachoyaeleza ni kwamba kila moja lilikuwa na nasaba inayofuatika, kuanzia namba ya chesisi mpaka picha na risiti. Ile McLaren nayo ukiisoma vizuri utaona kilomita zake zilikuwa na maana kwa sababu vitu vyote viliendana nazo, viti, pedali, makaratasi, hakuna kilichopinga.

Na sisi huku ndio tulipaswa kulielewa hili kuliko watu wa California. Nani kati yetu hajaona gari lililoshushwa bandarini na mita inasoma 68,000 wakati pedali ya breki imelika mpaka chuma kinaonekana na ngozi ya usukani imekuwa laini kama kisigino cha mzee? Mita inarudishwa nyuma na mtu mwenye laptopu. Ndiyo maana mnunuzi mjanja anaomba shiti ya mnada kutoka Japani, anakagua mkanda wa kiti, anainua kapeti. Anatafuta vitu vinavyokubaliana. Mnunuzi wa F50 makini anafanya kazi ile ile, tofauti ni idadi ya sifuri kwenye bei tu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba gari lililofungiwa haliko salama. Ndani ya tenki la mafuta la F40 na F50 kuna mfuko wa raba uliojazwa sponji, kama wa ndege, na mfuko ule una umri, unatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka kama kumi gari litembee lisitembee. Raba haijui kilomita, inajua miaka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani taratibu yanaanza kula vyuma kutokea ndani. Sili za injini zinakauka zikikosa oili ya kuzilowanisha, matairi yanakuwa magumu kama kwato. Ferrari nyingi za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 zina ugonjwa mwingine wa ajabu, vitufe vya ndani vilipakwa rangi laini ya kupendeza mkononi, na rangi ile ikizeeka inageuka gundi nyeusi, ukibonyeza kidole kinatoka na alama kama umeshika lami ya mchana. Hayo yote yanalipata gari lenye kilomita mia tatu sawa na lenye elfu thelathini, tena la mia tatu mara nyingi linaumwa zaidi kwa sababu hakuna aliyeliwasha akagundua.

Mjomba wangu Tanga alikuwa na Peugeot 504 aliyoiweka juu ya mawe chini ya mwembe akisema anaitunza. Ikakaa miaka tisa chini ya turubai. Siku tulipoifungua, petroli ilikuwa inanuka kama vanishi iliyochacha, breki za nyuma zimeganda, panya wamezaliana kwenye sponji ya kiti, na mipira ya maji ukiibinya inakatika kama mhogo mkavu. Fundi alizunguka mara moja tu akasema, "Mzee, hili gari halikuharibika, limekufa kwa kulala." Mita yake ilikuwa ndogo na ya kweli kabisa.

Kwa hiyo ni kweli wanaosema gari ni la kuendeshwa? Nusu. Hawa ndio nakaribiana nao, ila na wao huwa wanazidisha. Ngozi iliyochanika hairudi, ukishona nyingine ni ngozi ya leo. F40 nzuri ukiisogelea kwa jicho, chini ya rangi nyekundu utaona ufumaji wa kaboni umejitokeza kama uzi wa ukili kwenye mkeka, kwa sababu kiwandani walipaka rangi nyembamba ili kupunguza uzito, na mtu akigonga ubavu ukapakwa upya kwa rangi nene inayong'aa, ule ufumaji unapotea na hakuna fundi duniani wa kukurudishia rangi ya mwaka 1989. Na ajali ni ajali. Kuna F50 iliibiwa Pennsylvania mwaka 2003, ikapatikana Kentucky mwaka 2008, ikawa inashikiliwa na FBI, na Mei 2009 ofisa wao akaitoa kuihamisha akiwa na mwendesha mashtaka pembeni, akapoteza mwelekeo akaigonga mti. Mzunguko mdogo tu, na moja kati ya 349 ikavunjika. Anayekwambia endesha kila siku hajawahi kufikiria kwamba hii ni idadi inayoshuka tu.

Katikati ya hizo pande mbili kuna njia, na Waitaliano wenyewe wanaijua. Lancia Stratos, gari la rali lililochorwa na Marcello Gandini pale Bertone, karakana ya kubuni magari, na kuwekewa V6 ya Ferrari Dino, ilitengenezwa kwa ajili ya kuteswa, na kwetu hapa ilikuja kuteswa kweli, Safari Rally ya 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili nayo na Björn Waldegård wa tatu, kwenye udongo mwekundu na mito ya matope. Stratos yenye alama za mawe ya Safari chini ya tumbo, alama zinazothibitishika, haihitaji kufichwa alama zile. Mwaka 2024 majaji wa shindano la magari ya zamani la Pebble Beach walimpa ushindi mkuu Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 ambayo haikukarabatiwa, mara ya kwanza kwa gari la kundi la kuhifadhiwa kushinda pale, na iliwahi kuwa mali ya Leopold III, mfalme wa Ubelgiji enzi Kongo ikiwa koloni lake. Rangi yake imepasuka, imechujuka, na ndivyo ilivyoshinda. Majaji wameshahama. Wanunuzi wengi bado.

Mimi ningekuwa na sauti kwenye minada ile, ningetaka karatasi ya kwanza kwenye maelezo ya gari isiwe picha ya mita. Iwe tarehe ya mfuko wa tenki, tarehe ya matairi, orodha ya mara lilipowashwa na kupashwa moto sawasawa, risiti za sevisi kwa mpangilio wa miaka, ikiwemo miaka ambayo halikwenda popote. Cheti cha Ferrari Classiche kinathibitisha kwamba chesisi, injini na giaboksi ndizo zile zilizotoka kiwandani, Lamborghini nao wana idara yao ya magari ya zamani, Polo Storico, tangu 2015, na hivyo vyeti ni vizuri, ila vinakwambia gari ni nani, havikwambii limeishi vipi. Mnunuzi akianza kulipia maisha, mwenye gari atalitoa kilomita mia tano kwa mwaka bila kuogopa kwamba kila kilomita inamkata dola, na fundi atapata kazi kabla sili haijakauka.

Na hili linatugusa hata tusio na F50. Nairobi kila mwaka, uwanja wa farasi wa Ngong, kuna Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, inayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1970, na nikiangalia magari yetu ya zamani kwa ujumla, Datsun, 504, Land Rover za shamba, naona tunakimbilia rangi mpya na viti vipya kabla hatujauliza ya zamani ilikuwa inasema nini. Ile 504 ya mjomba ilikuwa na kitabu cha sevisi, jalada la bluu, mihuri ya gereji kuanzia 1978, Tanga, Korogwe, Moshi, na kwenye ukurasa mmoja mtu aliandika kwa kalamu ya risasi kilomita na jina la mto waliokwama. Gari liliuzwa kwa kilo kwa watu wa chuma chakavu. Kitabu kilibaki dirishani jikoni, na masika yale kuni zilikuwa mbichi, kikachanwa ukurasa mmoja mmoja kuwashia jiko.